Nilihesabu Mayai, Nikamsahau Mama

Kazi ya kwanza niliyofundishwa pwani haikuwa kuvuta nyavu wala kushika usukani. Ilikuwa kumpindua kasa. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mjomba alinichukua usiku hadi upande wa mashariki wa kisiwa cha Juani, hapa Mafia, kule kunakoelekea bahari kuu, tukajibanza vichakani tukinyamaza kimya. Kasa akapanda, akachimba, akataga. Mjomba alimwacha amalize, maana mayai nayo yalikuwa yetu. Kisha akaninong'oneza, "Shika gamba hapo ubavuni, mimi nashika hapa. Haya." Tukamgeuza. Kasa mkubwa ana uzito wa watu wawili wazima, lakini akishalala chali hana ujanja tena. Anapigapiga mapezi hewani, anatweta, anasubiri asubuhi ya watu kuja na visu.

Naanza na hilo kwa sababu wanaonijua leo kwa kulinda viota hudhani nilizaliwa nikiwa na huruma na viumbe. Sivyo. Nyumbani kwetu kasa alikuwa kitoweo kama papa au taa. Mafuta yake yalichuliwa mtoto mwenye kikohozi, na nyama yake iligawiwa nyumba hata nyumba, na aliyekosa fungu alinuna wiki nzima. Hatukuona kosa. Wazee wetu walimvua kasa tangu zamani za kale. Kuna msafiri wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani hii yapata miaka 2000 iliyopita, akataja gamba la kasa kati ya bidhaa zilizouzwa huku, na akaeleza kisiwa ambacho watu wake waliwanasa kasa kwa matenga yaliyotegwa kwenye mikondo ya maji. Babu yangu hakutumia matenga. Alitumia taza, yule samaki mwenye kibandiko kichwani ambaye wengine humwita chazo. Alimfunga kamba mkiani, akimwona kasa anaelea anamwachia, taza akaenda kumganda kasa gambani, na babu akavuta kamba polepole. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote ya babu, na bado naiona ni ustadi mkubwa. Lakini wakati wa babu bahari haikuwa na nyavu za jarife za nailoni.

Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Mwaka 2001 ukaja mradi wa kuhifadhi kasa na nguva, ambao ndio mwanzo wa shirika la Sea Sense. Walitafuta vijana wa vijijini wanaojua fukwe, watembee usiku na alfajiri, waandike kila kasa aliyepanda na kila kiota. Mwenye kutoa taarifa ya kiota alipewa fedha kidogo, na akaongezewa kulingana na mayai yatakayoanguliwa. Kwa mara ya kwanza yai lililoachwa mchangani likawa na bei kuliko yai lililochemshwa. Sioni haya kusema kwamba fedha ile ndiyo iliyoniingiza. Miaka michache baadaye nami nikawa mmoja wa watembeaji.

Ukiijua kazi, inakunogea. Alama za kasa kwenye mchanga ni kama za tairi la trekta, zinatoka majini zinapanda, kisha zinarudi. Anayejua huangalia mchanga ulivyorushwa na mapezi akabaini njia ipi ya kwenda na ipi ya kurudi, na katikati ya fujo ile mayai yamelala wapi. Maana kasa ni mjanja. Akishafukia hutawanya mchanga eneo kubwa ili adui asijue. Hapa kwetu wanaotaga zaidi ni wale waitwao kasa wa kawaida, na ng'amba kwa uchache. Kigome, duvi na noa, aina nyingine za kasa, nao wamo katika bahari yetu, ila kuwaona ni bahati.

Usiku wa kwanza niliokaa kumtazama kasa akitaga bila nia ya kumpindua, nilikuwa karibu yake kiasi cha kusikia pumzi. Anavuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kupiga mbizi, kisha ananyamaza muda mrefu. Mapezi ya nyuma huchimba kwa zamu, moja linaingia shimoni, linajikunja kama kiganja, linatoa mchanga bila kumwaga hata chembe, na lile jingine linasukuma mchanga uliokwisha kutolewa ili usirudi. Hatazami anachofanya. Shimo liko nyuma yake, hajawahi kuliona wala hataliona. Likifika urefu asioweza kufikia tena, anatulia, na mayai yanaanza kudondoka mawili, matatu, yamelowa ute, meupe, mviringo kama mpira wa meza. Wakati huo macho yanamtiririka machozi. Bibi zetu walisema analia uchungu wa uzazi. Wataalamu walitueleza kwamba ni tezi zinazotoa chumvi ya bahari mwilini, na hata ndani ya maji hulia vilevile ila hatuoni. Naamini maelezo yao. Lakini nilipoangaza taa nyekundu nikaona ule mstari wa machozi uliochanganyika na mchanga, nilizima taa.

Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Nilikuta kiota chini mno, mahali ambapo maji ya bamvua, yanayojaa kuliko kawaida, yangekifikia. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kiota cha hivyo kihamishwe juu. Nilikiona asubuhi jua limeshapanda, na kasa alikuwa ametaga usiku wa mapema. Sikuuliza mtu. Nikayafukua, nikayatia kwenye ndoo yamepandana yanagongana, nikayabeba begani, nikayafukia juu penye mchanga mkavu. Nikarudi nyumbani najisifu. Mayai 118.

Kwa kawaida kiota huanguliwa baada ya siku kama 55, huenda zikapungua au kuzidi kidogo kutegemea joto. Nilingoja sabini na tano. Nilipofukua, harufu ilinipiga usoni kabla mkono haujafika. Tulipasua yai moja moja. Ndani ya mengine kulikuwa na kidoa cha damu tu, kama ncha ya kalamu. Hakuna hata mmoja aliyetoka.

Baadaye nilijifunza kwa wenzangu wa Ushongo, kule Pangani, ambao kazi hiyo wanaijua kwa dhiki. Mbele yao kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti na kilisifika kwa kasa kutaga kuliko mahali pengi pa pwani hii. Miti ikaondoka, mchanga ukakokwa na mawimbi, na leo Maziwe ni fungu linalozama maji yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Wanapanda palepale na kutaga, na kiota kikiachwa kitafunikwa na bahari. Kwa hiyo mayai huvushwa na boti hadi bara. Wenzangu wakanieleza kwamba saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishika upande wa juu wa yai. Ukiligeuza baada ya hapo, umekikwanyua. Kwa hiyo unahamisha mapema, unalinyanyua yai kama lilivyolala, na unalilaza kama lilivyolala. Ukichelewa, liache, liwe na bahati yake. Mimi niliyageuza yote 118 kwa mikono yangu, nikiwa na nia njema.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa hesabu. Kila kiota nilikiandika tarehe, mahali, umbali kutoka kwenye alama ya maji. Nilikizungushia miiba kuzuia mbwa. Nilikaa jioni watoto wanapotoka, mchanga ukianza kutitia kama unga kwenye chungio, kisha kichwa kimoja cheusi, kisha kumi, kisha mchanga wote unachemka. Nikawafukuza kaa na kunguru mpaka wa mwisho aguse maji. Wageni walikuja kutazama na kulipa, na sehemu ya fedha ilibaki kijijini. Mwisho wa msimu nilikuwa najua idadi yangu kwa kichwa, nikiulizwa naitaja kama mtu anayetaja idadi ya wajukuu.

Katika miaka hiyo kulikuwa na mama mmoja. Tulimvisha kibati chenye namba kwenye pezi la mbele mwaka 2011. Nilimjua hata bila kibati, kwa sababu pezi lake la nyuma la kushoto lilikuwa limekatika nusu, pengine na papa. Kuchimba kwake kulikuwa tabu. Pezi zima likitoa mchanga, lile nusu lilijaribu zamu yake, likafika hewani tu, likashindwa, na bado akalirudisha zamu inayofuata. Alichukua muda mara mbili ya wenzake. Alitaga viota vinne msimu ule, kila baada ya wiki mbili hivi, na vitatu nilivishuhudia mwenyewe. Kasa hatagi kila mwaka. Baada ya msimu huondoka kwenda malishoni na kurudi baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Akarudi 2014. Nilipoona zile alama za pezi nusu kwenye mchanga nilipiga kelele peke yangu alfajiri, hakuna aliyenisikia.

Siku tisa baadaye mjomba aliingia bandarini na jarife lake. Nilimsalimia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Nikajua kuna neno. Chini ya tanga lililokunjwa kulikuwa na kasa. Niliona kibati kwanza, kisha pezi. Tumbo bado lilikuwa na mayai.

Jarife, kwa asiyelijua, ni nyavu ya macho makubwa inayotegwa kwa papa, taa na samaki wakubwa. Inategwa jioni na kuvutwa asubuhi. Kasa hupumua hewa kama mimi na wewe. Akiwa amelala chini ametulia anaweza kukaa saa kadhaa bila kuibuka, lakini akinaswa akapigana, pumzi yake inakwisha haraka mno, na usiku mzima ni mrefu. Mjomba hakumtega yeye. Hakumtaka. Alikuwa ametega mbele ya ufukwe kwa sababu hapo ndipo taa walipokuwa wengi mwezi ule. Kasa naye alikuwapo hapo kwa sababu kati ya kiota na kiota mama hubaki karibu, anasubiri mayai mengine yapevuke.

Nilimtolea mjomba maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Wewe unalipwa kwa mayai. Huyu amenichania jarife pima sita. Nani atanilipa mimi?" Akaongeza, "Na ungekuwa si wewe, ningemkata nikamtosa huko huko. Nimekuja naye kwa sababu ni wewe."

Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari langu nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya miaka yote hiyo. Viota vinne, kila kimoja mayai 110 au zaidi, yote ni kama 440. Inakadiriwa kwamba katika watoto elfu moja, mmoja ndiye anayefika utu uzima, na pengine si hata huyo mmoja. Basi msimu mzima wa mama yule, hata kama ningelinda kila yai, hautoshi kutoa kasa mmoja mzima. Angehitaji misimu miwili na zaidi, na miaka ya kupumzika katikati, ili kujirudisha yeye mwenyewe tu duniani. Na huyo mmoja atakayesalimika atachukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, kabla ya kupanda ufukweni kutaga. Nilikuwa nimejaza daftari kwa mayai. Akina mama waliofia kwenye jarife sikuwa na ukurasa wao hata mmoja. Na nilijua wapo. Kila mmoja pwani alijua.

Miaka kadhaa mbele, mtafiti aliyetutembelea alinieleza kwamba wenzake Marekani walifikia jambo hilohilo mwaka 1987 kwa hesabu za duvi. Waliona kuwa hata wakinusuru mayai yote ufukweni, kundi lingeendelea kupungua ikiwa wakubwa wanakufa kwenye nyavu za kuvulia kambamiti. Ndipo ilipotiliwa mkazo kuweka mlango maalumu kwenye nyavu zile ili kasa atoke. Nilifurahi kusikia hesabu yangu ya kibatari ilikuwa na ndugu. Nilisikitika pia kwamba ilichukua kasa wa pezi nusu kunifikisha hapo.

Sheria ipo. Kumvua kasa, kumuua, kuuza nyama yake au mayai ni marufuku Tanzania, na siitaki sheria hiyo iondolewe. Ila nimeona inavyofanya kazi kwenye chombo. Mvuvi aliyemnasa kasa bila kutaka anaogopa faini kuliko anavyomwonea kasa huruma. Anakata nyavu usiku, anamtosa akiwa hai au amekufa, na hasemi. Au kasa anaingia kapuni vipandevipande. Kwa hiyo tusichokiona kinabaki kikubwa kuliko tunachokiona, na mlinzi anayeingia bandarini kwa vitisho anajifungia mlango mwenyewe. Mimi nilikuwa mlinzi wa namna hiyo. Niliona aibu kwa hilo kuliko hata kwa yale mayai 118.

Nikaanza upya, kwa mjomba. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake, maana maneno nilimtolea mbele ya watu. Kisha nikamwomba nipande chomboni mwake, si kama mlinzi, bali kama baharia anayelipwa fungu. Nilitembea naye msimu mzima wa kusi. Huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo semina haikunifundisha. Kwamba kasa humharibia mvuvi nyavu ya fedha nyingi, na mvuvi wa jarife mara nyingi nyavu si yake, ni ya tajiri, na yeye ndiye anayedaiwa. Kwamba kasa hunaswa zaidi kwenye malisho ya nyasi za bahari, na mvuvi anayajua malisho hayo kuliko ramani yoyote. Kwamba kuivuta nyavu mara mbili usiku badala ya mara moja ni kazi ya kukatisha kiuno, lakini hata samaki wanatoka wabichi zaidi na bei inapanda. Hilo la mwisho, mjomba aliligundua yeye, mimi sikuwa na akili hiyo.

Na nilijifunza kumfufua kasa. Kasa anayetolewa nyavuni amelegea, macho yamefumba, hajibu ukimgusa, huenda si maiti. Amezimia, mapafu yana maji. Zamani tulimrudisha baharini upesi tukidhani tumemnusuru, naye akazama kama jiwe. Au tulimlaza chali. Yote mawili ni kumuua. Anatakiwa alazwe kifudifudi, nyuma iinuliwe kwa gongo au gunia, kiasi cha shibiri, maji yamtoke mapafuni. Awekwe kivulini, afunikwe kitambaa chenye maji ila pua ziwe wazi. Aachwe. Saa nne, saa kumi, hata siku nzima. Uguse kope au mkia mara kwa mara uone kama anashtuka. Akianza kukweta mwenyewe, mshushe taratibu upande ambao hakuna nyavu. Nimeliandika hili kirefu kwa makusudi. Kama msomaji wangu ana ndugu mvuvi Kilwa, Tanga, Kipini au Pemba, amsomee.

Kuhusu nyama, nilihubiri miaka mingi bila kusikilizwa, na kilichobadilisha masikio ya watu ni msiba. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba hiyohiyo, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao, na watu 78 wakalazwa. Sumu hiyo inadhaniwa kutokana na vitu anavyokula kasa. Haina harufu, haina rangi, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mama anaweza kula asidhurike sana, mtoto anyonyaye akadhurika. Niliposikia habari ya Panza nilikumbuka mafungu tuliyokuwa tunapeleka nyumba hata nyumba, na watoto tuliokuwa tunawapa vipande laini kwa sababu tunawapenda. Sikuitumia habari ile kutisha watu. Nilikwenda kwenye nyumba tatu ninazojua bado wanapokea nyama, nikakaa, nikasimulia kilichotokea kwa majirani zetu, nikaondoka. Shangazi mmoja alinifuata mlangoni akasema, "Baba, mimi nimekula miaka sitini." Nikamwambia, "Najua, shangazi. Na wale wa Panza walikuwa wamekula pia."

Kuna mwaka niliitwa kusaidia ufukwe mmoja kusini mwa Kigamboni. Huko jarife si adui pekee. Watoto wa kasa wakitoka usiku hukimbilia upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu enzi na enzi upande wa bahari ndio ulio mweupe zaidi usiku. Sasa mji umewasha taa nyuma yao. Nilifuata nyayo zao asubuhi, ndogondogo kama mshono wa cherehani, zinapanda badala ya kushuka, zinapita ua, zinaingia kwenye maegesho ya hoteli moja. Nilikusanya 31 chini ya magari na kando ya ukuta, wengi wamekauka, wengine kunguru wamewadonoa macho. Waliokuwa hai walikuwa wanne. Aliyesaidia hakuwa mwenye hoteli. Alikuwa mlinzi wa geti, kijana wa Rufiji, ambaye usiku uliofuata alizima taa za upande wa bahari kwa madaraka yake mwenyewe, akabakisha moja aliyoifunika kwa kopo lililokatwa. Taa kufunikwa, kuelekezwa chini, kuwa nyekundu au ya manjano hafifu, ni jambo dogo la gharama ndogo, na nasikitika kwamba tunaendelea kubembeleza.

Oktoba 2025 zikaja habari njema, na zikaniletea kazi mpya. IUCN, shirika la kimataifa linaloorodhesha viumbe vilivyo hatarini, lilimtoa kasa wa kawaida kwenye kundi la walio hatarini kutoweka na kumweka kwa wasiotia wasiwasi mkubwa, kwa kuwa ulimwenguni idadi yake imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu, akacheka, "Mzee, sasa tumeruhusiwa." Nilimkalisha. Nilimwambia hesabu hiyo ni ya dunia nzima. Ongezeko lipo mahali ambapo watu walilinda fukwe na kupunguza vifo kwenye nyavu, na walifanya hivyo miaka arobaini, hamsini. Ng'amba bado yuko ukingoni kabisa mwa kutoweka. Na kasa hana kisiwa chake peke yake. Waliofungwa vifaa vya setilaiti baada ya kutaga visiwa vya Komoro na Mayotte wamefuatwa hadi malisho ya Msumbiji, Bukini (yaani Madagaska) na Tanzania. Kwa hiyo anayenaswa Mafia usiku wa leo huenda ni mama anayesubiriwa na mtu mwingine mwenye daftari, ng'ambo ya bahari. Mimi habari ile ilinitia moyo kweli. Imenionyesha kuwa kazi hii huzaa, ila huzaa polepole kama kasa mwenyewe.

Mjomba sasa ni mzee, magoti hayamtii, lakini bado anakwenda. Mwezi uliopita alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. "Njoo na gunia," akasema, akakata. Nilimkuta amepweleza chombo kwenye kivuli cha mikoko. Kasa alikuwa ndani, jike, hana kibati, amelegea kabisa. Mjomba alikuwa ameshamwinua nyuma kwa kasia na kumfunika shuka lake la kulalia, limelowa. Nikaweka gunia chini ya kasia, tukakaa. Jua likapanda. Tuligusa kope saa mbili, hakuna. Saa nne, hakuna. Mjomba alivuta jarife akalitandaza mapajani, tundu lilikuwa pana, mtu angeweza kupita. Akanipa sindano ya pili na uzi, nikashika upande wangu.

Tulikuwa tumeshona karibu nusu ya tundu, maji yameanza kujaa yanagusa mkuku, kasa alipovuta pumzi moja, ndefu, kama mtu aliyetoka kupiga mbizi. Mjomba hakuinua kichwa. Alisema tu, "Bado. Mwache." Tukaendelea kushona.